Warumi wa Jumamosi na Jiwe la Mume Wangu

Wafalme wa Warumi ninawajua wote kwa majina, kuanzia wa kwanza mpaka wale wa mwisho mwisho waliokuwa wakiuana kama kuku wa banda moja. Sikuwasoma mahali. Mimi shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nusu ya siku tulikuwa tunalima shamba la mwalimu. Warumi niliwasikia tu, Jumamosi baada ya Jumamosi, kwenye meza yangu ya kulia hapa Yeoville, Johannesburg, mjukuu wangu akiwataja na mimi nikiwashika, mpaka ikafika mahali yeye akikwama ananitazama mimi.

"Bibi, baada ya yule aliyeuawa na walinzi wake?"

"Yupi? Walinzi wamewaua wengi."

"Yule kijana, wa mwanzo."

"Baada yake akaja baba yake mdogo, yule mwenye kigugumizi. Walimkuta kajificha nyuma ya pazia, anatetemeka, wakamfanya mfalme hapo hapo."

"Eish, Bibi! Huu mtihani ungeufanya wewe."

Majina yenyewe sitayaandika humu, ya Warumi wala ya mtu mwingine yeyote. Si kwamba nimeyasahau. Kwangu jina likishaingia kichwani halina mlango wa kutokea. Ni mazoea tu ya jiko nililofanyia kazi ujanani, ambako kuliandika jina la mtu kulikuwa kosa kubwa kuliko kuunguza wali.

Huyu mjukuu ni binti wa mwanangu. Anasoma chuo kikuu pale Braamfontein, na katika vitu vyote vya kusoma duniani amechagua historia ya watu wa kale. Baba yake alitaka awe mhandisi. Kabla ya mwaka ule nilikuwa namwona Krismasi na Pasaka. Halafu siku moja alikuja kuchukua blanketi, akawa anakariri kwa sauti huku ananisubiri nilitafute, na mimi nikamsahihisha kutoka chumbani. Akashtuka. Tangu hapo akawa anakuja kila Jumamosi na kadi zake ndogo ndogo zilizofungwa mpira.

Kiswahili anakisikia chote, ila akijibu anachanganya Kiingereza na Kizulu. Namwita mke mwenzangu, kama kwetu Morogoro bibi anavyomtania mjukuu wa kike. Mwanzoni hakuelewa utani unakaa wapi. "Lakini Babu ameshakufa, Bibi," aliniambia. "Sasa tunagombania nini?" Nilicheka mpaka nikaingia jikoni kujifanya natafuta sukari.

Nilijua kinachomleta ni mtihani. Nilijua pia mtihani una siku yake ya kwisha. Chini ya jengo letu kuna saluni ya akina mama wa Kikongo, na Kiswahili chao kinapanda mpaka dirishani kwangu mchana kutwa, kimechanganywa na Kifaransa, wanabishana na kucheka. Nikishuka wananiamkia vizuri, "Jambo mama, uko muzuri?" lakini mikono yao iko kwenye vichwa vya watu, nami siwezi kusimama mlangoni kama mteja asiye na nywele. Mwanangu anakaa Midrand, kwenye zile nyumba zenye geti na mlinzi. Ananipigia Jumapili akiwa garini, amesimama kwenye taa za barabarani, zinazoitwa robot huku. Robot ikigeuka kijani ananiaga. Siku nyingine inageuka kabla sijamaliza kujibu salamu. Kwa hiyo kwa wiki nzima mtu wa kukaa mezani kwangu alikuwa mmoja, na alikuja na Warumi wake, basi nikawapenda Warumi.

Walikuwa na mambo ya ajabu na mambo ya kawaida tu. Mwanamume wao alikuwa na majina matatu: lake mwenyewe, la ukoo, na la tatu la kumtofautisha. Binti alipewa la ukoo peke yake, basi. Nyumba ikiwa na mabinti wanne, wote wanne jina moja.

"Sasa mama akiita mmoja wanakuja wote?" nilimuuliza.

"Wanahesabiwa, Bibi. Mkubwa, mdogo, wa tatu."

"Kama mabakuli."

Makaburi yao waliyaweka kando ya barabara kuu, ndiyo unayaona kwanza ukiingia mjini, na maandishi yake yalimsemesha mpita njia: wewe unayepita, simama, nisome. Wanawake waliwaandikia waume zao kwamba tuliishi pamoja miaka kadhaa bila ugomvi hata mmoja. Nikamwambia mke mwenzangu kwamba kama kaburini wanadanganya namna hiyo, basi na hayo mengine waliyoandika asiyaamini yote.

Katikati ya hao Warumi ndipo ile karatasi ilipofika.

Mume wangu alikufa miaka mitatu iliyopita. Huku kwao mtu akishazikwa kaburi linakaa hivi hivi na udongo wake, mwaka au zaidi, halafu ukoo unakusanyika kufunua jiwe. Jiwe linafunikwa shuka, wazee wanamwita marehemu kwa majina yake na ya mababu, shuka inavutwa, watu wanakula. Mambo hayo yalishikwa na wifi yangu, dada yake mdogo, anayekaa Soweto kwenye nyumba ya mama yao. Alinitumia mchoro wa jiwe niutie sahihi kama mke. Niliuweka chini ya kikapu cha matunda. Jumamosi mjukuu akauona.

"Bibi, mbona hujasaini? Wameandika vibaya?"

"Wameandika vizuri sana."

"Sasa?"

"Huyu mtu aliyeandikwa hapa sikuolewa naye."

Aliniangalia kama mtu anayejiuliza kama bibi yake ameanza kuchanganyikiwa. Ikabidi nimweleze, kwa sababu baba yake hakuwahi kumweleza.

Nje ya mji wa Morogoro, enzi nilipokuwa msichana, waliletwa watu waliokimbia utawala wa makaburu huku kusini. Vijana wengi, wengine watoto wa shule kabisa. Mimi nilipata kazi ya kupika. Kila mmoja wao alikuwa amepewa jina jipya, ili akikamatwa mwenzake asiweze kumtaja, na ili nyumbani polisi wasimfuate mama yake. Hatukuruhusiwa kuuliza jina la kweli, na jina lolote halikuandikwa jikoni. Lakini lazima ujue nani ameshakula na nani bado, nani anaumwa anahitaji uji. Kwa hiyo daftari likawa kichwa changu. Niliwashika wote. Mpaka leo naweza kukupanga mstari mzima wa watu waliosimama na sahani mbele yangu, mmoja mmoja, na hakuna hata jina moja katika hayo ambalo mama yake mtu angelitambua. Baadhi yao walikufa na majina hayo. Wengine walirudi makwao, wakaitwa vingine, na siku nikikutana na mmoja wao hapa mjini nikimwita kama zamani, anageuka taratibu, kama mtu aliyeguswa na maji ya baridi.

Mmoja wa waliosimama na sahani alikuwa mume wangu. Nilimpenda kwa jina lile, nikafunga naye ndoa kwa jina lile, nikamzalia mtoto kwa jina lile. Njia ilipofunguliwa tukarudi kwao. Pale uwanja wa ndege Johannesburg mwanamke mmoja alipiga kelele kuita jina nisilolijua, na mume wangu akaangusha mizigo akamkimbilia. Mimi nilibaki na mtoto na masanduku, nikiangalia nyuma yangu kuona huyo anayeitwa ni nani. Aliyekuwa akiita ndiye wifi yangu.

Tangu siku ile kila mtu alimwita hivyo. Lile la zamani likabaki la ndani, langu na yeye, la kuambiana chai imepoa. Alipokufa nilibaki peke yangu nalo. Hakuna mtu mwingine duniani anayelitumia, na mimi sina wa kumwita.

Mke mwenzangu alichezea mpira wa kadi zake. Kisha akasema, kwa Kiswahili chake cha kupapasa, kwamba kwa Warumi mtumwa akiachiwa huru alichukua jina la aliyemwachia na la ukoo wake, lakini lile aliloitwa utumwani hakulitupa. Aliliweka mwisho. Ndivyo lilivyochongwa kwenye jiwe lake, la tatu, mwisho.

"Hata kama alipewa na watu wabaya?"

"Hata kama. Watu walimjua kwalo, Bibi."

Babu yake hakupewa lile jina na watu wabaya wala hakuwa mtumwa, nikamwambia. Lakini usiku ule sikupata usingizi vizuri, na Jumatatu asubuhi nikavaa kitenge changu cha kanisani, nikachukua teksi mpaka mjini na nyingine mpaka Soweto.

Wifi yangu alinipokea vizuri. Ananiita makoti, maana yake bibi harusi, mpaka leo, na meno yangu ya nyuma yameisha.

"Makoti, umekonda! Unakula huko Yeoville au unawaangalia tu Wakongo wanakula?"

"Nakula, wifi. Nimekuja kwa ajili ya jiwe."

"Umesaini?"

"Kuna jina limepungua."

Akahesabu kwa vidole. La nyumbani, la ubatizo, la ukoo. "Yote yapo."

"Liko lingine. Liwekwe hata mwisho, hata kwa herufi ndogo."

Alijua ninalosema. Akaweka kikombe chini. "Lile si jina, makoti. Lile lilikuwa koti la mvua. Mvua ilikwisha, akalivua."

"Mimi niliolewa na aliyelivaa hilo koti."

Nikamweleza habari ya Warumi na watu wao walioachiwa huru, kama nilivyoelezwa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Warumi hawa hawa waliomsulubisha Yesu?"

"Hao hao."

"Na ndio unaowafuata kwa ushauri wa makaburi!"

Tulicheka wote wawili, nikadhani njia imefunguka. Lakini yeye alipomaliza kucheka aliinuka akafunga mlango wa uani, akarudi akakaa karibu yangu, na uso ulikuwa mwingine.

"Sikiliza. Jambo hili hata kaka mwenyewe sikumwambia. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Kaka alikuwa ametoweka, hatujui yu hai au amekufa. Polisi wanakuja wakitaka, wanapindua magodoro. Siku moja mwanamke mmoja akapita hapa akijifanya anauza mayai, akamwachia mama kadi, akaondoka. Mama hakujua kusoma. Akaniita mimi. Akasema, anza na jina, nani ameandika. Nikaenda mwisho wa kadi, nikasoma jina. Mama akasema hatumjui mtu huyo, huu ni mtego wa polisi. Akainyakua mkononi mwangu akaitupa kwenye jiko la makaa. Nilisoma jina tu, makoti. Neno lingine hata moja sikuliona. Mama alikufa kabla hamjarudi, amemlilia kaka kama maiti. Mlipokuja, nikasikia wewe unamwita pale uwanja wa ndege, na jina ndilo lile."

Kadi ile naijua. Niliiandika mimi.

Ilikuwa mchana, baada ya kuosha masufuria. Mume wangu, kabla hajanioa, alikuja jikoni akaniambia kuna mtu anasafiri, na mwandiko wake yeye mwenyewe polisi wanaujua tangu shule, ila wangu hakuna anayeujua. Akamwaga unga mezani akautandaza kwa kiganja, akawa anaandika kwa kidole kwenye unga, mstari mmoja mmoja, kwa lugha yao ambayo wakati ule sikujua hata maji yanaitwaje. Mimi nikinakili kwenye kadi herufi kwa herufi, ulimi nje kama mtoto. Nikimaliza mstari anafuta, anaandika mwingine. Mwisho akaandika jina lile. Nilimuuliza kwa nini asiweke la kweli, hata herufi moja ya kwanza. Akasema ni amri, na kwamba mama yake atamtambua kwa yaliyomo.

Ningeweza kunyamaza. Ningemeza chai yangu, nisaini karatasi, nipande teksi. Nikamwambia.

Hakupiga kelele. Alikaa ananitazama mikono. Baadaye aliniuliza kwa sauti ya mtoto kabisa, si ya mama mwenye wajukuu: "Ilisema nini?"

"Maneno yenyewe siyajui, wifi. Nilichora tu. Lakini nilimuuliza maana yake, akaniambia. Alimwambia mama nimeshiba, usiniwekee sahani. Akamwambia lile goti limepona."

"La kushoto," alisema wifi.

"Sijui la wapi."

"La kushoto. Alianguka kwenye ukuta wa jirani akiiba mapichi. Mama ndiye aliyemfunga." Alifunika mdomo. "Angelijua goti. Ningemsomea mstari huo, angelijua."

"Ulikuwa mtoto, na uliambiwa anza na jina."

"Na lingine?"

"La mwisho alisema aliyeandika kadi hii ni msichana anayepika, na nitamwoa."

Alilia basi, na mimi nikamshika, tukakaa hivyo mpaka chai ikafanya ukoko juu. Nilifikiri sasa atasema sawa, liandike. Alipojifuta machozi akasema: "Kwenye jiwe lake siwezi, makoti. Mama amelala mstari huo huo, hatua nne tu. Siwezi kuliweka jina lile mbele ya macho yake. Niombe kitu kingine chochote."

Sikuwa na hasira. Nilikuwa nimechoka tu, na nilimwelewa, na kumwelewa kwenyewe kuliniacha peke yangu zaidi. Ndipo nikasema jambo ambalo sikuja nalo kutoka nyumbani. Nilisema, basi kwenye langu. Siku nikifa, liandikwe jina langu, na chini yake mke wa fulani, kwa lile jina. Warumi walifanya hivyo, mke anamtaja mumewe.

Alifikiri. "Jiwe lako ni lako," alisema mwishowe. "Mama hatauliza la kwako." Akanipa kalamu, nikasaini lile la mume wangu pale pale, juu ya goti langu.

Tulifunua jiwe mwezi uliofuata, asubuhi yenye baridi kavu ya huku. Mtihani ulikuwa umekwisha wiki mbili nyuma na Jumamosi mbili nilikaa na meza yangu. Mjukuu alikuja kwa gari la baba yake. Wazee walimwita mume wangu kwa majina yake matatu na ya mababu zake, moja baada ya jingine, na mimi nayajua yote, nikaitikia pamoja nao kila inapostahili. Shuka ilivutwa. Jiwe ni zuri, jeusi, linang'aa mpaka unajiona.

Watu walipoanza kuelekea getini kunawa mikono, wifi alinivuta kitenge. Alinipeleka upande wa kulia wa jiwe, akachora mstari kwenye majani makavu kwa ncha ya kiatu.

"Hapa ni pako. Nimeshawaambia. Na lako litaandikwa unavyotaka, mimi nitasimamia."

"Na wewe ukitangulia?"

"Huyo hapo," akasema, akimwonyesha mjukuu kwa kidevu. "Mwambie sasa hivi, mbele yangu."

Nikamwita mke mwenzangu, nikamwambia jina la babu yake. Akatoa simu akaliandika. Akaniuliza aongeze na la ukoo. Nikamwambia hapana, hilo peke yake. Akauliza kama aandike tuliishi pamoja miaka mingapi, na kama aseme bila ugomvi.

"Miaka andika," nilimwambia. "Ugomvi acha, wifi yangu yupo hapa, alikuwa akitusikia."

Wifi alicheka, akatangulia getini. Mimi nikapatazama pale alipochora. Ni mahali pembamba, ardhi ngumu, na jua la asubuhi linapafikia. Kisha nikamwomba mjukuu anishike mkono, maana miguu ilikuwa imekufa ganzi kwa baridi, tukawafuata wengine kwenda kula.